Kilomita 60 za muuzaji na kilima cha Ipogolo

Barua mlizonitumia safari hii kuhusu baiskeli za umeme karibu zote zimebeba mzigo. Kuna maandazi, kuna viazi, kuna mtoto wa chekechea. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: marehemu baba alikuwa fundi baiskeli Makambako, na mimi nilizunguka vijijini miaka mingi nikifunga sola kabla ya kuweka kibanda hapa Mwanjelwa, Mbeya. Baiskeli ya umeme imezikutanisha kazi zote mbili, nusu cheni na spoku, nusu betri. Ninayo yangu, na kila nikitoka naandika kwenye daftari mzigo, njia, na volti za kwenda na za kurudi. Mke wangu anasema matumizi ya nyumbani yangeandikwa hivyo tungeshajenga.

Kamwene fundi. Ninakaa Ipogolo, napika maandazi na chapati na kupeleka maofisini Iringa mjini. Nimenunua baiskeli ya umeme, betri imeandikwa 36V 10Ah. Muuzaji aliniapia kwamba ikijaa inakwenda kilomita 60. Mimi kwa siku sizidi 22: napanda asubuhi, nazunguka mjini, nashuka, saa sita napanda tena na chapati za mchana. Hiyo safari ya pili inanizimikia nikiwa nimebakiza kidogo kufika juu, nasukuma watu wakinitazama. Nimeuziwa betri mbovu? Mimi nina kilo 75, na ndoo zangu mbili zikijaa ni kama kilo 25. — Mama Maandazi, Ipogolo

Kamwene mama, na pole. Kusukuma baiskeli iliyozimika na ndoo mbili juu yake, kwenye kilima kile, si mchezo.

Betri yako huenda ni nzima. Chukua hizo namba mbili uzizidishe: volti 36 mara 10, ile Ah, yaani ampea-saa, ni wati-saa 360, umeme wote unaokaa humo betri ikijaa. Hilo ndilo tangi lako. Kilomita si kipimo cha tangi. Ni sawa na kuuliza gunia la unga litalisha siku ngapi bila kusema nyumbani kuna midomo mingapi.

Muuzaji naye hakutunga uongo mtupu. Mtu mwembamba, bila mzigo, kwenye barabara tambarare, akiwa ameweka msaada wa mota kwenye namba 1 na miguu inafanya kazi kweli, anaweza kutumia wati-saa 6 kwa kilomita. Gawanya 360 kwa 6, unapata zile 60 zake. Sasa mwambie anionyeshe hiyo tambarare iko wapi Iringa.

Hesabu yako wewe iko hivi. Barabarani, ukikamata kishikio cha mota bila kukanyaga sana pedali, weka wati-saa 12 kwa kilomita. Juu ya hapo kuna kupanda, na kupanda kunalipiwa kivyake. Wewe, baiskeli na ndoo ni kilo 125. Kuinua kilo 125 mita 100 kwenda juu kunataka wati-saa 34, na kwa kuwa mota inapoteza sehemu kama joto, betri inatoa karibu 49. Nimetumia mita 100 ili hesabu iwe rahisi. Fungua programu ya ramani inayosoma mwinuko kwenye simu yako, isome ukiwa chini na ukiwa juu, uweke namba yako halisi.

Tuseme kutoka kwako hadi mjini ni kilomita 4. Kupanda mara mbili ni kilomita 8, wati-saa 96 za njia na 98 za kilima. Mizunguko ya mjini kilomita 6, wati-saa 72. Kushuka tuseme bure. Jumla 266. Na katika zile 360 usitegemee zote, kwa sababu kinga ya ndani ya betri inakata kabla haijakauka. Zihesabu kama 310. Kwa hiyo inatosha, ila kwa tundu la sindano.

Kinachokumaliza, nadhani, ni mwendo. Ukiwa umechoka na ndoo nyuma, unaiachia mota ikuvute peke yake, na mota ya kwenye gurudumu ikilemewa hadi mwendo wa mtu anayetembea, inageuka pasi. Umeme unaoingia karibu nusu unaishia kuwa joto. Hapo zile 194 za kupanda zinafika 270, ongeza 72 za mjini, umezidi zile 310, na betri inazima palepale unapotaja. Leo ukifika juu, shuka uguse habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu chenye mota, kwa mgongo wa kiganja, taratibu. Kama huwezi kuuacha mkono pale hadi ukahesabu tano, jibu umelipata.

Cha kufanya: badilisha gia iwe nyepesi kabla ya kilima kuanza, si katikati, na miguu isaidie hata kama ni kidogo. Jaza upepo hadi kiwango kilichochapwa ubavuni mwa tairi, maana tairi lililolegea linakula umeme kimyakimya. Halafu kuna dawa ninayoipenda kuliko zote. Tembea na chaja. Asubuhi, ofisi mojawapo ya wateja wako ikuruhusu kuchomeka saa moja wakati unagawa maandazi. Chaja ya ampea 2 kwa saa moja inarudisha kama wati-saa 75, yaani sehemu kubwa ya kilima kimoja. Kujaza betri nzima hakufiki hata nusu uniti ya luku, kwa hiyo hilo saa moja thamani yake haifiki andazi. Mpe mlinzi andazi, mmalizane.

Na kama unataka kujua kwa hakika kuwa betri si mbovu, ipime ikiwa imejaa. Ya volti 36 ikijaa inasoma 42. Anza kupanda huku ukiangalia kioo kinachoonyesha volti. Ikiporomoka hapohapo hadi 34, ukisimama ikapanda tena karibu na 40, imechoka, na hapo ndipo ukamtafute muuzaji.

Mambo vipi fundi. Mimi niko Isyesye, nachukua viazi Uyole napeleka kwa mama lishe mjini. Nina Phoenix ya mzee, nimefungiwa mota ya nyuma na betri nne zile nzito za 12V 12Ah. Nataka kubeba debe tatu kwa safari. Kuna jamaa ananiuzia keria nyepesi ya alumini, nzuri sana, anasema ya chuma ni ya kizamani. Niinunue? Na kwa nini betri inaisha nusu ya njia wakati kwa hesabu yako ya kuzidisha nina wati-saa 576? — Kijana wa Viazi

Poa. Usinunue.

Nikueleze kisa changu, kisha uamue. Keria kama hiyo nilikuwa nayo. Ubavuni ilikuwa na maandishi madogo: kilo 25. Keria nyingi za alumini za baiskeli ziko hapo hapo. Nikaziona namba, nikafanya kama sikuziona, nikafunga debe mbili za viazi nikitoka Uyole kwenda kwa dada yangu Iyunga. Wiki mbili nikaenda hivyo. Siku moja nafika Mafiati, tuta moja la barabarani, nikasikia *ta!* kama mtu amevunja kuni. Keria ikalala juu ya tairi, mfuko ukapasuka, viazi vikaanza safari yao vyenyewe kuelekea stendi. Makonda wa daladala walinisaidia kuokota, na kila mmoja alikuwa na ushauri.

Jioni nilikitazama kile kibolti cha mguu wa kushoto kwa miwani. Ni cha milimita 5. Kilikuwa kimekatika safi kama kimekatwa kwa msumeno, ila uso wake una rangi mbili: nusu ina kutu ya kahawia, nusu inang'aa kama fedha mpya. Ile nusu ya kutu ilikuwa imepasuka siku nyingi, inaingiza maji ya mvua, mimi nikiendelea kubeba. Siku ya tuta ilibaki nusu moja tu inayoshika kila kitu. Tangu hapo, kila Jumamosi napitisha spana kwenye bolti za keria yangu kabla sijanywa chai, na bolti yoyote inayozunguka bila kukaza naitoa, naitupa.

Sasa itazame keria ya Phoenix ya mzee wako. Ni paipu za chuma, miguu yake inashuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli, na ekseli ndiyo inayokaa kwenye gurudumu. Uzito unapita kwenye chuma unaingia ardhini. Haining'inii kwenye kibolti. Wauza mkaa wetu wanaijua habari hiyo bila kusoma kitabu. Ibakize. Kama imelegea, mpelekee fundi wa kuchomelea aongeze paipu moja ya mshazari kila upande, na mwambie asichomelee kwenye fremu yenyewe. Moto unaidhoofisha fremu pale karibu na kiungo, na fremu ikivunjika ni wewe na lami. Betri zitolewe zote kwanza kabla hajawasha mashine.

Debe tatu juu ya keria, hapana. Si kwa ajili ya keria, kwa ajili ya gurudumu la mbele. Mota iko nyuma, mzigo uko nyuma, na betri zako nne naamini umezifunga nyuma pia. Ukianza kupanda, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, na siku utakapouona ukinyanyuka hutasahau. Chomelea fremu mbili za pembeni, chini, usawa wa ekseli, kila moja ikae debe moja kwenye tenga au kreti. Mzigo ukiwa chini, baiskeli haiyumbi sana. Betri zihamishie katikati ya fremu, kati ya miguu yako. Debe la tatu litasubiri safari ya pili, au utafute tela la magurudumu mawili, ambalo kwa barabara ya lami ni zuri kweli ila kwa njia za vumbi za Isyesye sikushauri.

Stendi ya mguu mmoja itoe. Weka ile ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma, la sivyo kila ukisimama kwa mama lishe utahitaji ukuta.

Kitu kimoja cha mota, na hiki kisome mara mbili. Ekseli ya mota ya kwenye gurudumu haizunguki. Gurudumu ndilo linalozunguka, na ekseli inashikiliwa na fremu tu. Ukipanda na mzigo, mota inaisukuma ekseli igeuke kinyume. Kwenye Phoenix, zile nafasi za ekseli ni chuma chembamba. Nimeletewa moja hapa kibandani, ekseli imezunguka, imetanua nafasi yake na kukata waya zote kama kisu. Mota nzima ikawa chuma chakavu. Dai kipande cha chuma kinachobana ekseli na kufungwa kwenye fremu, kila upande. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukikata kwenye bati nene.

Ama betri zako: hizo ni za risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari. Wati-saa 576 zimeandikwa kwa mtu anayezitumia polepole. Ukizivuta kwa nguvu, na mlima wenye viazi ni kuvuta kwa nguvu, zinatoa karibu nusu. Zote nne zina kilo kama 16 au 17. Yaani unapandisha karibu debe zima ambalo hakuna mama lishe atakayelinunua. Betri ya lithiamu yenye wati-saa hizohizo haifiki kilo 5. Ni ghali, najua, kwa hiyo usikimbilie. Tumia hizi hadi zichoke, lakini kila ukirudi zichaji siku hiyohiyo. Betri ya risasi ikilala tupu inaota chumvi ndani na hairudi tena kuwa ile.

Fundi, mimi natoka mjini kwenda Mbalizi kila jioni. Nikishuka Iwambi na mzigo, je, betri haiwezi kujichaji kwa mteremko? Nimesikia zipo zinazofanya hivyo. — Msomaji wa Mbalizi

Zipo. Inua gurudumu la nyuma, umeme umezimwa, ulizungushe kwa mkono kwenda mbele. Likizunguka huru kama la baiskeli ya kawaida, mota yako ina gia ndani na haiwezi kurudisha kitu. Likiwa na ukinzani wa kukwamakwama pande zote mbili, ni mota isiyo na gia, na kama kontrola yake, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, imetengenezwa kwa kazi hiyo, inaweza.

Lakini usijenge nyumba kwa pesa hiyo. Kilo 110 zikishuka mita 100 zina wati-saa 30 kwa jumla, upepo na msuguano vinachukua chake, mota inachukua chake. Ukiambulia 10 umepata, na hiyo haitoshi kilomita moja. Faida yake halisi ni kupunguzia breki kazi. Na ukitoka na betri iliyojaa pomoni, haina pa kuweka hata hizo 10.

Kwa Iwambi mimi naogopa breki kuliko betri. Pale malori yanashindwa, sembuse mpira wako wa breki wenye ukubwa wa kidole gumba. Usizikamate mfululizo kutoka juu hadi chini, maana rimu inachemka hadi kuumiza tyubu. Kamata kwa nguvu, achia, kamata, achia, nyuma na mbele pamoja. Ukiwa na zaidi ya kilo 40 za mzigo, shuka usukume. Mimi nasukuma, na nina breki za diski.

Shikamoo fundi. Huku Njombe asubuhi baridi ni kali, na baiskeli yangu ya lithiamu mwezi wa saba ilikuwa inaisha mapema kuliko mwezi wa kumi na moja. Ni kawaida? Pia usiku naichaji chumbani ili isiibwe, mume wangu hapendi. — Dada wa Njombe

Marahaba. Ni kawaida. Betri ya lithiamu ikiwa na ubaridi inakuwa mvivu. Asubuhi za kuganda vidole unaweza kukosa sehemu moja ya kumi, hata zaidi kidogo, na jua likitoka inarudi. Ilaze ndani, uifunge kwenye baiskeli dakika ya mwisho. Kutumia ikiwa ya baridi haina neno. Kuichaji ikiwa imepigwa na baridi ya kugandisha, kama asubuhi zile za Kitulo majani yanapokuwa meupe, ndiko kunakoiharibu kabisa. Iache ndani ipate joto la chumba kwanza, bila kuisogeza kwenye jiko.

La pili, mume wako yuko sahihi, na mwambie nimesema. Betri nyingi zitaishi miaka bila tatizo. Ila ile moja inayoshika moto haitoi nafasi ya kutafuta viatu, na moshi wake ni sumu. Kuichaji kitandani mwa watu waliolala, na mlango ukiwa upande wa betri, sikubali. Ichaji jioni mkiwa macho, sebuleni, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na godoro, uichomoe kabla ya kulala. Chaja ya ampea 2 kwa betri ya Ah 10 inataka kama saa tano, kwa hiyo ukianza saa kumi na moja jioni, saa nne usiku umeshamaliza. Ikikatwa kwenye 80 kwa mia ni afya zaidi kwake, kama safari ya kesho ni fupi.

Usiazime chaja ya jirani. Ya betri ya volti 48 inatoa 54.6, ya 36 inatoa 42, na plagi zake mara nyingi zinafanana kama mapacha. Kinachozuia balaa hapo ni kikadi kidogo tu cha kinga ndani ya betri, na kwenye betri za bei ya kutupa nimefungua nikakuta hakimo. Betri iliyovimba, iliyoanguka ikabonyea au iliyolowa maji ya mafuriko isichajiwe hata kwa majaribio. Na wale vijana wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha, baiskeli hii wasiiguse. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Fundi, naweza kumbeba mwanangu wa miaka minne kwenye keria kumpeleka chekechea? Njia ni Soweto hadi Kabwe. — Baba Junia

Juu ya keria tupu, akikushika kiuno, hapana, hata kama sisi wote tulibebwa hivyo. Mtoto wa umri huo hajui mguu wake uko wapi, na gurudumu lenye mota haliachii linaponasa. Kovu langu la kisigino cha kulia lilitoka kwenye spoku za baiskeli ya baba, na hiyo haikuwa na mota.

Mtafutie kiti chenye mkanda, mgongo na pa kuwekea miguu, kifungwe kwa bolti kwenye keria ya chuma, siyo kwa mipira ya tyubu. Pande zote mbili za gurudumu weka bati au wavu kuanzia keria hadi ekseli. Helmeti yake iwe ya saizi yake, siyo ya kwako iliyokazwa. Kabla hujapanda, muweke aketi, utikise baiskeli kwa nguvu kushoto na kulia kama unayechekecha unga, uone kama kuna kinachocheza. Asubuhi pale Kabwe bodaboda hazina subira, kwa hiyo punguza msaada wa mota hadi namba 1 ili baiskeli isiruke ghafla ukikanyaga. Na kamba za viatu vyake zifunge mwenyewe, uzichomeke ndani ya kiatu. Mimi ilianza na kamba.